Anayesusa Haendi Mbali

Kijiji cha Ujamaa, Mvumi,
Kilosa.
Jumapili, 9 Machi 1975

Kaka yangu mpendwa Simoni,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimetoka kanisani sasa hivi, hata kanga ya ibada sijaibadili, maana nikikaa tu kazi zitanikamata. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama anakohoa kidogo asubuhi lakini ulimi wake haujapungua nguvu. Shemeji yako Paulo anakusalimu. Mvua zimeanza vizuri, na mahindi ya shamba la kijiji yamefika magotini.

Kama ulivyosikia, tumeshuka. Mlimani hakuna mtu tena. Lori lilikuja Novemba, tukapakia tulichoweza, na hapa tumepimiwa viwanja kwa mstari kama wanafunzi. Jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa ndani kwako. Sijazoea. Naamka nafagia uwanja, namaliza, nafagia tena. Mama ananiambia, "Raheli, hiyo ardhi utaimaliza."

Sasa kaka, neno lenyewe. Mwanao Lea, binti yangu, ameposwa. Kijana ni mwalimu wa shule yetu hapa kijijini, anaitwa Lupakisyo, mtu wa Tukuyu. Ana adabu, anasali, hanywi. Posa yake aliileta Desemba, na mimi wakati ule sikuwepo, nilikuwa Magole pamoja na mama, namuuguza mama mdogo. Nimerudi mwisho wa Februari. Nikamkuta Lea anacheka peke yake jikoni, na jembe la posa limeegemezwa ukutani kwa Paulo.

Nilishika kichwa. Nikamuuliza Paulo, "Jembe hili limepokelewa na nani?" Akasema, "Na mimi. Kwani mimi si baba yake?" Mwalimu naye hakujua. Kwao mtoto ni wa baba, basi. Nilipomweleza kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na jembe linakwenda kwa mjomba kwanza, yeye ndiye anayelipokea au kulirudisha, na baba anaambiwa baadaye, aliinuka kitini kabisa. "Mama, mbona hamna aliyeniambia?"

Kaka, nakuomba usichukue vibaya. Ilikuwa kutojua tu, na fujo za kuhama. Tunataka kufunga ndoa Septemba, baada ya mavuno. Njoo hata siku mbili, ukae mahali pako, useme neno lako. Bila wewe shughuli haina kichwa.

Lea anakuamkia, shikamoo mjomba.

Mdogo wako,
Raheli

*

Mikumi,
14 Aprili 1975

Kwa Raheli,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Kazi hapa nyumba ya wageni ni nyingi, malori ya Zambia yanapita mchana kutwa na madereva wengine wanalala. Napika, natandika, nafunga mlango. Juzi tembo walivunja uzio wa jirani wakala migomba yote.

Msalimu mama. Mwambie achemshe majani ya mpera kwa kikohozi.

Habari ya Lea nimeisikia. Mungu awabariki. Kama jembe limeshapokelewa, basi limepokelewa, sioni nije kufanya nini. Ruhusa hapa ni ngumu.

Wasalaam,
Simoni

*

Mvumi, Kilosa.
Jumapili, 27 Aprili 1975

Kaka yangu mpendwa Simoni,

Shikamoo.

Nimeiandika mstari wake peke yake ili uione. Maana katika barua yako nilitafuta "marahaba" juu, nikatafuta chini, nikageuza na karatasi nyuma. Haikuwepo. Tangu nijifunze kuandika kule misheni hujawahi kuniacha na shikamoo yangu mkononi.

Mama hajambo, majani ya mpera yamemsaidia. Mbuzi wa Paulo amezaa mapacha. Kina mama wa kanisa tumeanza kulima bustani ya mchicha, na tumeshagombana juu ya nani amwagilie.

Nilimsomea mama barua yako. Akaniambia, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Huyo amesusa."

Nikamwambia, "Mama, hapana. Kaka ni mtu mzima, amekasirika kidogo, atapoa."

Akanicheka. Akasema, "Mwenye hasira anagomba, akimaliza anaomba maji. Aliyenuna anakaa hapohapo kwenye mkeka na mdomo wake mrefu, ukimtekenya anacheka. Anayesusa ni mwingine. Anaacha kilicho chake mwenyewe, hata kama anakitaka. Anaondoka, lakini haendi mbali. Huyo mwanangu namjua, amesusa tangu tumboni, alichelewa kuzaliwa mpaka mkunga alipomsihi."

Halafu akanikumbusha habari ya firigisi. Unaikumbuka? Mjomba wetu alikuja kututembelea, ukaambiwa ukamate jogoo. Ulimkimbiza yule jogoo mpaka ukachanika goti kwenye miiba. Alipopikwa, firigisi akapewa mjomba, kama ilivyo haki. Wewe ukasimama, ukasema, "Mimi sili," ukatoka. Baba akasema mwacheni, njaa itamleta. Jioni ikaja, hukuja. Mama akaniambia, "Mpelekee huyo chakula." Nikauliza nitamkuta wapi. Akasema, "Angalia moshi wa jikoni unaelekea wapi." Nikaufuata moshi, na kweli, nikakukuta nyuma ya kihenge, umekaa pale harufu ya mchuzi inapofikia. Hukunitazama. Nikaweka bakuli, nikakusihi, "Kaka, onja tu." Ukasema hutaki. Nikakusihi tena. Ukala mpaka ukalamba bakuli, huku unasema hutaki!

Basi kaka, nakuuliza kwa mdomo wa mama na wangu. Umesusa? Niambie tu. Kama umesusa, tunajua la kufanya. Mtu akisusa haitwi kwa barua, anafuatwa na chakula. Lakini siwezi kukufuata kama unaniambia ni ruhusa ngumu.

Mdogo wako,
Raheli

*

Mikumi,
2 Juni 1975

Kwa Raheli,

Mimi mzima. Msalimu mama, msalimu Paulo.

Umeniuliza neno, nakujibu. Sikususa. Kususa ni kwa mtoto, au mtu aliye kwao. Hapa Mikumi mtu akisukuma sahani, sahani inaondolewa, anapewa dereva mwingine, na aliyeisukuma atalala na njaa yake, na asubuhi atadaiwa chumba. Nimeishi hapa muda mrefu, nimejifunza. Mimi nakula kilichopo. Na sisusi.

Wala sina hasira. Mambo yamebadilika, watu wamehama, kila mtu ana mahali pake papya. Ninyi mna yenu huko. Fungeni ndoa. Mimi singoji mtu.

Simoni

Nauliza tu. Mlipopakia vitu kwenye lori, mafiga ya mama mliyabeba, au mliyaacha mlimani?

*

Mvumi, Kilosa.
Jumapili, 15 Juni 1975

Kaka yangu mpendwa Simoni,

Shikamoo. Nitaendelea kukuamkia hata usipoitikia, kazi yangu ni kuamkia.

Mavuno yameanza. Tunavuna shamba la kijiji kwanza, letu baadaye, na mwenyekiti anahesabu vichwa asubuhi kama kuku. Paulo mgongo unamsumbua.

Kaka, barua yako imeniharibia wiki nzima. Nilipofika pale uliposema hungoji mtu, nilishindwa kuendelea. Mama akasema, "Endelea." Nikamwambia basi, imeisha. Sikutaka asikie. Afadhali ungesema umesusa, hata ungetutukana. Anayesusa anatushikilia upande mmoja wa kamba. Asiyengoja mtu ameiachia. Nilikwenda kisimani bila ndoo. Nimefika, nimesimama, wenzangu wananicheka, "Mama Lea, umekuja kuchota kwa kanga?"

Nimeomba. Nimeomba mpaka nikaona ninamchosha Mungu kwa neno moja.

Nyumbani nako hakukaliki. Mchungaji alitaka kutangaza ndoa kanisani mara ya kwanza Jumapili iliyopita. Lea akamwendea mwenyewe, akamwambia asitangaze. Tulishangaa sote. Paulo akafoka, "Ndoa yako unaizuia wewe mwenyewe?"

Lea akamjibu, kwa adabu lakini akamjibu, "Baba, nikiolewa mjomba akiwa hayupo, siku nikipigwa nitakimbilia kwa nani? Nikizaa, mtoto atapewa jina na nani?"

"Na mimi je? Mimi ni mgeni katika nyumba hii?"

"Wewe ni baba, na yeye ni mjomba."

Paulo alichukua kofia akatoka. Namwonea huruma naye. Yeye alidhani siku hizi za ujamaa mambo ya jembe yamekwisha, na hakuna mtu aliyewahi kumletea kitu cha heshima mlangoni kwake. Alipoletewa, alifurahi, akapokea. Jioni ile alilitoa lile jembe ukutani, akaja nalo kwangu, akaliweka miguuni pangu. Sasa lipo kwa mama chini ya kitanda.

Mwalimu amekonda. Alikuja kumwambia mama kwamba atakuandikia barua ya kuomba radhi, ya Kiswahili kizuri, kurasa mbili. Mama akamwuliza, "Mwanangu, barua inaliwa?" Akasema hailiwi. Mama akasema, "Basi kaa nayo."

Lakini nisikilize. Baadaye mama alinibana, akasema, "Raheli, barua hukuimaliza, nimeona mkono wako umefunika chini." Mzee yule! Ikabidi nimsomee yote, mpaka ile ya kutongoja mtu, mpaka ile uliyoandika chini kabisa, ya mafiga. Nilidhani atalia. Akapiga kofi. "Anauliza moshi!" akasema. "Mtu asiyengoja mtu anataka nini kwenye mafiga yangu? Yuko nyuma ya kihenge huyo."

Mafiga tuliyabeba. Mama alikaa juu yake mle ndani ya lori, akakataa kushuka mpaka yametangulia. Ndiyo anayopikia hata leo.

Kaka, mama ana hakika yake. Mimi sina. Mimi naogopa tukija na bakuli tutakuta mlango umefungwa, na mama hatairudia safari hiyo tena katika maisha yake. Niambie wewe. Neno moja linatosha.

Mdogo wako,
Raheli

*

Mvumi, Kilosa.
Jumapili, 13 Julai 1975

Kaka Simoni,

Shikamoo. Sina jibu lako. Sijui kama barua imepotea au mkono wako ndio uliokataa. Nimemuuliza kila anayetoka upande wa Mikumi. Kondakta wa basi aliniambia, "Yule mpishi? Yupo, anapika, haongei." Nikamwuliza anakula? Akasema, "Dada, mimi ni kondakta."

Mchungaji anauliza. Wazazi wa mwalimu kule Tukuyu wanauliza. Lea amenyamaza, amekuwa kama wewe. Na mama tangu wiki iliyopita ameanza jambo lake. Mahindi mapya hayaonji. Anakula ya mwaka jana, yenye fukusi, mapya anayasukuma. Nikamwambia, "Mama, na wewe umesusa?" Akasema, "Ndiyo. Mwambie."

Basi nakwambia.

Raheli

*

Mikumi,
28 Julai 1975

Mdogo wangu Raheli,

Marahaba. Na ile ya Aprili, marahaba. Na ya Juni, na ya juzi, marahaba, marahaba. Na ile ya kwanza kabisa ya Machi, ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi kuiacha, marahaba mdogo wangu. Shikamoo yangu kwa mama.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Karatasi nyingine nimewashia moto wa chai. Acha nikueleze mwanzo wake, kwa sababu hujui, na mwalimu wako hajui.

Mapema Januari basi la Mbeya liliharibika hapa, abiria wakalala. Mmoja alikuwa kijana mwalimu, mchangamfu, anasalimia mpaka paka. Nilimpikia wali. Akaniambia, "Mzee, ungejua furaha niliyo nayo ungeniongezea nyama." Nikamwongezea. Nikamwuliza furaha gani. Akasema ameposa huko Mvumi, msichana aitwaye Lea, binti wa Mzee Paulo, jembe limepokelewa, ametoka kuwaambia wazazi wake. Mimi nimeshika mwiko. Nikamwuliza, "Na mjomba wake anasemaje?" Akasema, "Mjomba? Sijasikia kama ana mjomba."

Si kosa lake. Alikula vizuri, akanishukuru, asubuhi akanipa mkono. Nami nikamwandalia chai ya njiani. Nilimpenda, Raheli, na hilo ndilo liliniumiza zaidi, kwamba kama angekuja kwangu na jembe ningelipokea kwa mikono miwili.

Basi nikangoja barua yenu. Nikasema wiki hii itakuja. Januari ikaisha, Februari ikaisha. Mmehama mlima, sikuambiwa na mtu ila dereva wa mbao. Jembe limepokelewa, nimeambiwa na mgeni mezani. Nikawaza, mimi sina mke tena, watoto sikujaliwa, Lea ndiye mtoto wangu. Kama kwa Lea sina mahali, mahali pangu ni wapi? Ni hiki chumba cha nyuma chenye funguo za vyumba vya watu?

Ukaniuliza kama nimesusa. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilihofu jambo moja. Mtoto akisusa ana hakika mtu atatumwa. Mtu mzima hana hakika hiyo. Nikiandika "nimesusa", halafu zipite siku, asije mtu, basi nitakuwa nimejua kitu ambacho sitaki kukijua. Nikaona ni heri niseme sisusi. Asiyesusa hangoji kufuatwa, kwa hiyo hawezi kuachwa.

Lakini nilipoona kwamba mama anayarudisha mahindi mapya kwa ajili yangu, katika uzee ule, niliweka mwiko chini mbele ya wageni wakauliza kama kuna kitu kimeungua.

Kwa hiyo nakujibu, kwa neno moja uliloomba. Ndiyo, mdogo wangu. Nimesusa. Nimesusa tangu Januari. Nimesusa kabisa.

Kaka yako,
Simoni

*

Mvumi, Kilosa.
5 Agosti 1975

Kaka yangu mpendwa Simoni,

Shikamoo. Naandika upesi, kondakta ananingojea na anapiga honi.

Nilipomsomea mama neno lako la mwisho, aliinua mikono akasema, "Asante Bwana, amesusa!" kwa sauti, na kwa kuwa nyumba zetu zimepangwa mstari, kijiji kizima kimesikia. Jirani akauliza ng'ambo ya ua, "Nani amesusa?" Mama akamjibu, "Mwanangu!" kwa fahari, kama vile umepandishwa cheo.

Mwalimu nilimweleza habari ya wali na nyama uliyomwongezea. Alifunika uso kwa daftari la mahudhurio. Lea amecheka, mara ya kwanza tangu Juni. Paulo amesema yeye ndiye atakayelibeba jembe mpaka mlangoni kwako, na pale mlangoni atampa mwalimu alishike, alikabidhi mwenyewe, na yeye Paulo atakaa nyuma. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo.

Mwenyekiti ametupa ruhusa. Alitaka kujua ni safari ya nini, nikamwambia tunakwenda kumbembeleza mtu aliyesusa. Akasema hiyo ni kazi halali.

Mama anakuja. Usinibishie, nimeshabishana naye mimi. Amemchagua mwenyewe jogoo, na atampika hapa, juu ya mafiga yale yale, tumlete akiwa amefungwa kwenye majani ya mgomba. Bakuli atalibeba Lea. Atakusihi, na wewe ukatae kwanza, ukatae vizuri, mtoto aone jinsi inavyofanywa, maana siku moja atatumwa yeye.

Firigisi ni yako. Sasa wewe ndiye mjomba.

Tutafika Jumamosi ya tarehe kumi na sita, kwa basi la asubuhi, Mungu akipenda. Siku hiyo, kaka, usile kwa mtu.

Mdogo wako,
Raheli